Umeamka, au Nije?

Kila alfajiri, nikishamaliza kusali na kabla sijakunja mswala, simu yangu huanza kutetemeka juu ya kabati. Hayo ni maua. Mtu wa umri wangu mwenye simu ya kupangusa hupata maua mengi kuliko bibi harusi: mawaridi mekundu yenye umande, mawaridi ya manjano, njiwa wawili na kikombe cha chai kinachofuka mvuke, na chini yake maandishi yanayometameta, "Asubuhi njema yenye baraka tele." Yanatoka kwa wanangu watatu, kwa wakwe zangu, kwa wastaafu wenzangu, kwa kina mama wa kikundi cha maulidi, na kwa bwana mmoja wa Mwanza ambaye mpaka leo simjui, na nina hakika naye hanijui. Mwanzoni nilikuwa namjibu kila mmoja kwa adabu. Siku moja nikaacha makusudi, nione nani atauliza kulikoni. Hakuna aliyeuliza. Kesho yake maua yakaja kama kawaida, na bwana wa Mwanza akaongeza kipepeo.

Sisemi kwa kulalamika. Wanangu ni watoto wema, na anayesema vinginevyo tutaonana. Mkubwa ni binti, yuko Dar es Salaam, anafanya kazi katika ofisi yenye lifti. Wadogo zake mmoja yuko Arusha na mwingine Muscat. Huyo binti ndiye aliyeninunulia simu. Akaja nayo mpaka kwangu Chumbageni, akanifundisha kuipangusa, akaanzisha grupu la familia, akaniachia dawa za presha na kile kifaa cha kujipimia mkononi. Kila Ijumaa ananipigia simu ya picha. Namwona yeye, namwona mumewe akipita nyuma na taulo, na wajukuu nawaona mapaji ya nyuso tu. Ananiuliza nimekula nini, dawa nimemeza, presha inasomaje. Namjibu. Kisha tunatazamana. "Haya Mama, tutaongea," ananiambia, nami namwambia haya mwanangu, na picha inaganda akiwa amefumba jicho moja.

Na mimi simu nazijua. Wengi wenu mkiwa bado hamjazaliwa, mimi nilikuwa opereta hapa Tanga. Nilikaa mbele ya ubao wa matundu, vipokea sauti masikioni na waya mikononi, nikimuunganisha mwenye duka na nduguye wa Mombasa, meneja wa shamba la mkonge na mabwana zake wa Dar es Salaam, mama wa Pangani na mwanawe aliye jeshini. Watu walinijua kwa sauti. Nikiingia dukani nikaomba sukari, muuzaji aliacha mizani akanitazama: kumbe ndiye wewe! Zikitimia dakika tatu ilikuwa kazi yangu kuingilia kati na kusema, "Dakika tatu zimekwisha, unaongeza?" Nimewaingilia watu wakibembelezana, nimewaingilia wakitukanana, nimewaingilia wakilia. Kazi ile ilinipa sikio. Nipe watu wawili simuni niwasikilize kidogo tu, nitakwambia nani anaongea na mwenzake na nani anatoa sauti ili zamu yake ipite. Baadaye zikaja mashine, sisi tukapewa mkono wa kwaheri, na ule ubao sijui waliupeleka wapi.

Mume wangu alikuwa mtu wa bandarini. Alipofariki, nyumba ikabaki na mimi, redio yake, na kitamli kimoja uani, ule mnazi mfupi wa madafu ya rangi ya chungwa, ambao umekataa kata kata kurefuka. Nilikuwa mpweke, na sioni kwa nini nizunguke mbuyu kulisema hilo. Si kwamba nilikosa watu wa kunisemesha. Nilikosa mtu aliyehitaji nimjibu.

Isipokuwa mmoja.

Katika maua yote yale kulikuwa na mtu asiyetuma ua hata la kunde. Huyo ni binamu yangu, mtoto wa shangazi, anakaa Kigombe tulikozaliwa sote. Alikuwa mkwezi wa minazi tangu ujanani, mkwezi hasa, wa kuitwa na wenye mashamba kuanzia Tongoni mpaka kule Mkwaja. Juzijuzi hapa wanawe walimkuta kileleni, akiwa na umri wake huo, wakamshusha kwa maneno makali na kamba yake wakaificha. Ndipo naye akanunuliwa simu ya kupangusa. Naona siku hizi ukimzuia mzee kitu, unampa simu.

Yeye kuandika hana subira nako, hutuma ujumbe wa sauti. Kila asubuhi, katikati ya mawaridi, ilitoka sauti yake ya mikwaruzo:

"We Dakika Tatu! Shikamoo yangu iko wapi? Umeamka, au nije?"

Maana ya "nije" ni aje kunizika. Ndiyo salamu yetu tangu nilipofiwa, hata kabla ya simu hizi za kupangusa. Nami nikibonyeza pale pa kurekodia namjibu kwamba nimeamka, tumbili mstaafu we, na shikamoo akaidai kwa tumbili wenzake walioko mtini. Kisha angeleta ya pili, kwamba asione kimya akadhani nimekata roho, maana ameshanoa jembe na kaburi langu atalichimba fupi, la kunitosha. Nami ningemwambia ahifadhi jembe lake, yeye ataanza, na nitamzika amesimama kwa kuwa kulala chini hajazoea. Tulikwenda hivyo mpaka chai ipoe. Siku ambayo nilichelewa kujibu kwa sababu bando limekwisha, alimpigia jirani yangu, akampigia na muuza mkaa wa pale kona, wakaja wote wawili kunigongea mlango.

Wasiojua wajue: binamu ni mtani wako wa kuzaliwa naye. Wahenga walisema binamu nyama ya hamu, maana angeweza kukuoa, na kwa kuwa hakukuoa basi ana ruhusa ya kukutukana mpaka kaburini. Yeye mbele za watu huniita mke wangu niliyenyimwa. Tena tuna kesi ya maisha. Tulizaliwa msimu mmoja, mama zetu wakafa bila kusema nani alitangulia, na kwa hiyo hatujui nani anamdai mwenzake shikamoo. Mbele ya watu wengine umri wangu huwa naupunguza kidogo. Mbele ya binamu naupandisha. Katika maisha yetu yote hakuna aliyewahi kumwamkia mwenzake.

Ili mjue kilichopotea baadaye, lazima niwaambie alichofanya siku ya msiba wa mume wangu.

Tulikuwa tumeshazika. Wanawake tumekaa ndani kwenye mikeka, wanaume nje chini ya turubai, na mimi tangu asubuhi sijadondosha chozi. Nilikuwa nimekauka. Watu walinisemesha, nikaitikia kama nilivyokuwa nikiitikia kazini, sauti tu. Mara tukasikia kikohozi barazani. Kikohozi kile kile cha marehemu, kikavu, mara mbili halafu kimoja. Nikainua kichwa. Kwenye kiti cha mume wangu alikuwa amekaa binamu, kavaa kofia ya marehemu na miwani ya marehemu, miguu kaikunja kama alivyokuwa akiikunja mwenyewe, na akafoka kwa sauti ya mwenye nyumba: "Nani kazima redio yangu?"

Shoga yangu mmoja akapasuka kucheka, na nyumba nzima ikafuata, na mimi nikacheka mpaka nikaanguka ubavu. Katikati ya kicheko ndipo machozi yakaja, yakaja yote. Binamu akaiteka redio, akasema haiachii mpaka akombolewe kwa kahawa na halwa, na marehemu asidhani kufa kunamwondolea ushemeji. Nilimwambia siku ile kwamba siku yake ikifika na mimi nitakuja. Akasema hapana, yeye ndiye atakayekuja tena, kwangu. Huo ndio mkataba wetu, na asikudanganye mtu, ukiwa mzee na umebaki peke yako, kujua kwamba yuko atakayekucheka vizuri ukifa ni raha ambayo maua hayakupi.

Binti yangu alikuwepo siku hiyo. Alikuwa amefika na basi la mchana, macho yamevimba, akamkuta mzee mmoja kavaa miwani ya baba yake anadai halwa. Hakusema kitu. Mimi nilidhani ameelewa. Kumbe yeye aliondoka na jibu lake: yule mzee wa Kigombe mlevi.

Sasa kosa lilipotokea. Nilimwomba binti amuunge binamu kwenye grupu la familia, kwa kuwa ni mkubwa wa ukoo. Akamuunga, shingo upande. Binamu yeye hajui tofauti ya grupu na mimi. Kwake simu ni simu, na simu ni Dakika Tatu. Asubuhi moja akabonyeza alipobonyeza, na ujumbe ukawaingia watu wote wa ukoo, pamoja na wakwe wa bara na mama mkwe wa binti yangu, mwanamke mpole anayetuma njiwa:

"We kikongwe cha waya, bado tu unavuta hewa ya wenzio? Umeamka, au nije? Sanda ninayo, nimeinunua ya mtoto, itakutosha."

Mimi nilicheka nikamwaga chai. Nikawa natafuta maneno ya kumjibu yenye uzito wa kutosha. Nilipoyapata na kurudi kwenye simu, pale chini pameandikwa kwamba ameondolewa.

Nikampigia binti. Akaniambia kwa sauti yake ya ofisini kwamba nisiwe na wasiwasi, amelimaliza. Mtu mwenye presha hatakiwi kuamshwa kwa matusi na habari za sanda, na huyo mzee alimwona tangu msiba wa Baba kwamba si mtu wa maana. Nikamwambia ule ni utani. Akasema, "Mama, utani una mipaka." Halafu mtu akamwita, akasema tutaongea. Nami sikujali sana. Nilijua binamu atarudi kwenye mlango wetu wa siku zote, mimi na yeye tu, na mambo yatakwenda.

Kesho yake alfajiri nikamaliza kusali. Maua yakaja. Nikayapangusa moja moja nikitafuta sauti ya mikwaruzo, na jina lake nikaliona, na nilipofungua nikakuta waridi. Waridi jekundu lenye umande, na chini yake: "Shikamoo dada. Asubuhi njema yenye baraka tele."

Jamani, niliogopa. Sijawahi kuogopa vile hata siku waliponiambia presha yangu inasoma ngapi. Nilikaa kwenye mswala nikalitazama lile ua. Katika maisha yetu yote hakuniamkia, na sasa ananiamkia kwa maandishi. Nilimtumia tusi, tusi zuri, la marehemu shangazi mwenyewe. Tiki zikawa bluu. Akajibu, "Amina dada, nawe pia." Siku ya pili akaleta njiwa. Siku ya tatu kikombe cha chai kinachofuka, na mimi nikajua kwamba ama anakufa ama ameshakufa na simu yake anayo mtu mwingine.

Na nitawaambia kitu kibaya zaidi. Siku hizo sikuwa na haraka ya kuamka. Nilifungua macho, nikasikia simu ikitetemeka, nikageukia ukutani. Zamani kulikuwa na mtu mmoja duniani anayeuliza kama nimeamka na anayengoja jibu. Sasa hata nisingeamka, maua yangeendelea kuja, yakajipanga humo ndani ya simu mpaka chaji iishe.

Asubuhi ya nne nilijifunga kanga mbili, nikavaa baibui, nikabeba halwa, nikapanda gari la Pangani. Njia ile siku hizi ni mteremko, lami tupu, na kijana wa kukusanya nauli akaniuliza bibi unakwenda wapi na haraka hivyo. Nikamwambia nakwenda kumtukana mtu.

Kigombe mkamwana wake, mke wa mwanawe anayekaa naye, alikuwa uani anachekecha unga wa muhogo. Akaniamkia, akanipokea mkoba. "Karibu shangazi, mgeni njoo mwenyeji apone," akasema, na alivyosema "apone" aliangalia barazani. Binamu alikuwa pale kwenye kitanda cha kamba. Mzima. Kachana ndevu, kavaa msuli safi na kofia ya viua, simu kifuani. Anatazama juu, kwenye minazi ya jirani.

Aliponiona akasimama. Mikono miwili mbele, kichwa kakiinamisha.

"Shikamoo, dada," akasema. "Karibu kiti."

Sikuitikia marahaba. Ningeitikia, ingekuwa nimekubali. Nilibaki nimesimama na halwa yangu, na niliumia, naliandika hapa kama lilivyokuwa: niliumia kama mtu aliyefungiwa mlango na ndugu yake. Nikamuuliza anaumwa nini.

"Siumwi."

"Nimekukosea nini?"

Akasema sijamkosea. Akaniambia niketi, na alipoona siketi akaketi yeye, akaanza kuizungusha ile simu mikononi. Akaeleza kwamba mwanangu alimpigia. Alimsemesha kwa upole mno, hakumvunjia heshima hata kidogo, alimwita Mjomba. Alimwambia mama ana presha, na yale maneno ya kila asubuhi iko siku yatamuua. Akamwomba anitumie maneno mazuri, kama wanavyofanya wengine. Maua alitafutiwa na mkamwana, na maandishi akaandikiwa naye.

"Na weye ukakubali," nikamwambia.

"Ningefanyaje mie? Nikuue?" Akaipindua simu kifudifudi. "Wanangu wamenishusha mnazini, wakaficha na kamba. Haya, nikashuka. Nilibakiwa na kazi moja tu, kukuamsha. Naamka na kiza nafikiria leo nimtukane vipi. Na yenyewe naambiwa inaua."

Opereta mzima, aliyelipwa mshahara kwa kusema, nimeishiwa. Kumwambia kwamba yale maneno ndiyo yaliyokuwa yakinitoa kitandani, niliona haya. Na kwa adabu ile tuliyokuwa nayo pale, yeye ameketi na mimi nimesimama, "dada" na "karibu kiti", tungeweza kulia kistaarabu, tukanywa chai, nikarudi mjini, na kesho yake akaniletea waridi.

Basi nikaweka halwa chini. Nikamwambia apishe. Akapisha, nadhani akidhani nimechoka. Nikamvua kofia kichwani, nikaivaa juu ya mtandio. Nikalala kwenye kitanda chake cha kamba, nikajifunika shuka lake mpaka kidevuni, nikaanza kuguma.

"Ooo kiuno changu! Ooo! Nani kakwea mnazi wangu? Leteni ngazi nishuke kaburini, kamba yangu wameficha! Na yule mke niliyenyimwa yuko wapi, aje anililie, ananidai shikamoo!"

Mkamwana aliacha chekeche. Jirani akachungulia juu ya makuti ya ua, na mwingine, na mbuzi wa watu akasogea. Mimi nikazidisha. Nikakohoa kikohozi chake, nikadai nivalishwe zile soli za viatu za kukwelea maana ahera nako kuna minazi, nikawausia waombolezaji kwamba aliye juu mngojeni chini. Jicho moja nikaliacha wazi kidogo nimwone. Alikuwa amesimama palepale, uso hauna kitu. Nikaona nimeharibu. Nikaona mtani wangu amekwisha, na mimi mwanamke mzima nimelala kwenye kitanda cha mwanamume mbele ya watu wa Kigombe. Nikaendelea kuguma kwa sababu kuacha kungekuwa aibu zaidi.

"Mie sigumi hivyo," akasema hatimaye.

Nikafungua na jicho la pili.

"Hiyo sauti ya mbuzi. Siku ya msiba wangu ukija na sauti hiyo, nitaamka nikurudishe mjini. Anza upya."

Nilianza upya. Sikufika mbali, maana yeye alikuwa ameshakaa chini kwenye sakafu, kicheko kimemshika mbavu, machozi yanamshuka kwenye ndevu alizozichana, na mimi pale kitandani kofia imenifunika macho nacheka na kulia pamoja, na mkamwana naye anacheka kwa kuwa sisi tunacheka. Tulipotulia akaniuliza presha inasemaje. Nikamwambia imepanda siku ile alipoleta njiwa.

Tulikula bada, ugali wa ule unga wa muhogo, na mchuzi wa samaki wa chukuchuku, na katika kula akanitukana mara nyingi kufidia siku zilizopita. Wakati wa kuondoka alinyoosha mkono achukue kofia yake. Nikamwambia kofia imetekwa. Akauliza ukombozi wake nini. Nikamwambia nina kitamli uani kwangu, madafu yamejaa na hakuna wa kuyaangua, na ni mnazi wa saizi yake siku hizi, anaukwea akiwa amesimama chini. Akaniambia jogoo la shamba haliwiki mjini. Nikamwambia sijamwomba awike. Gari likaja, nikapanda na kofia yangu.

Ijumaa binti alipiga. Nilimweleza yote, tangu kikohozi cha barazani mpaka sauti ya mbuzi. Alikaa kimya mpaka nikadhani picha imeganda.

"Kwa hiyo siku ile hakuwa amelewa?"

"Hajaonja pombe tangu azaliwe."

Akaniuliza, nirudie, Baba alikuwa anaikunja vipi ile miguu, nikasimamisha simu kwenye kabati nikamwonyesha. Akacheka. Akaniambia Baba alivyokuwa akiificha ile redio wasibadilishe stesheni, jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa silijui, na wajukuu wakaja kuuliza kuna nini, safari hii na nyuso zote. Tuliongea mpaka nikakumbuka ubao wangu. Nikamwambia dakika tatu zimekwisha, unaongeza? Akasema anaongeza. Mwisho akauliza kama amrudishe mjomba kwenye grupu na amwombe radhi. Nikamwambia radhi aombe, lakini kwenye grupu amwache alipo, mama mkwe wake asije akafa kweli.

Jumamosi alfajiri nilimaliza kusali. Maua yakaja, mawaridi, njiwa, na bwana wa Mwanza leo kaleta maporomoko ya maji. Nikayapangusa yote pembeni. Kofia ya viua ilikuwa juu ya redio. Nikasubiri, na simu ikatetemeka mara moja zaidi.

"We Dakika Tatu, mwizi wa kofia! Shikamoo yangu iko wapi? Umeamka, au nije?"

Nikabonyeza, nikaisogeza simu mdomoni.

"Nimeamka," nikamwambia. "Njoo hivyo hivyo."